Mshauri wa Akiba ya Bi Salme

Hebu niambie, wewe ungemchagua nani? Mama yako ni mjane, yumo ndani edani. Akiba ya maisha yake yote ni dhahabu, imo ndani ya kisanduku. Madukani hamna sukari wala sabuni, na noti unayoiweka leo, mwezi ujao hainunui hata nusu ya ilichonunua leo. Ungempa mtu gani akiba hiyo aizalishe? Mpole au mjanja?

Watoto wa Bi Salme walijiuliza swali hilo mpaka wakachoka, kisha wakachagua. Na asubuhi ya Jumamosi, mtu waliyemchagua aliingia kwa miguu yake katika kituo cha polisi mjini Kampala, damu ikimtoka puani, kisanduku amekikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Inspekta Fabiano Okeny alikuwa akinywa chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, katika kikombe kilichokatika mkono. Aliitazama damu, akakitazama kisanduku, akajisikia kama amepumua.

Ulikuwa mwaka ule bei ya kahawa ilipopanda. Wapelelezi wenzake waliotoka kaskazini walikuwa wamepungua mmoja mmoja, na hakuna aliyeuliza wamekwenda wapi. Yeye alibaki. Labda kwa sababu alikuwa hodari wa kesi ndogo. Kesi za maiti, siku zile, zilifika mezani na kuondoka zenyewe. Ukiuliza sana, unaulizwa wewe. Wizi ulikuwa afadhali. Wizi, mtu aliruhusiwa bado kuutatua.

Nyuma ya mwenye damu aliingia kijana mmoja, viatu vya soli nene, ufunguo wa gari ukizunguka kidoleni.

"Afande, huyu ni mwizi," alisema. "Andika mwizi. Mengine mwachie kapteni."

"Wewe nani?"

"Mansur. Mlalamikaji. Ameiba dhahabu ya mama yangu."

"Na kapteni ni nani?"

"Rafiki yangu jeshini. Nimempigia simu. Jua la leo halitatua huyu bado yuko hapa."

Okeny hakuuliza atakuwa wapi. Gari zilizokuja kuchukua watu vituoni zilijulikana, na buti zake za nyuma, za mizigo, zilijulikana, na waliotiwa butini hawakurudi kusimulia.

"Amepigwa na nani?"

"Aliteleza."

"Akaangukia nini?"

"Mkono wangu," Mansur alisema, wala hakucheka.

Okeny alimtoa Mansur nje, akamkalisha mwenye damu kwenye kiti, akampa kitambaa chake cha mfukoni. Konstebo Lamunu, askari wa kike aliyekuwa zamu, alichukua kalamu kuandika maelezo.

"Jina?"

"Tajudin, afande."

"Kazi?"

"Mshauri wa akiba na mitaji. Zamani nilikuwa karani wa benki. Sasa nina meza yangu ghorofani, juu ya lile duka la vitambaa lililobaki rafu tupu."

"Unawashauri watu nini siku hizi?"

"Wasilalie noti, afande. Wanunue kitu kinachofanya kazi. Cherehani. Ng'ombe wa maziwa."

"Bi Salme ulimshauri nini?"

"Kinu. Pale sokoni Kalerwe kuna mtu anauza nusu ya kinu chake cha kusaga mahindi. Watu wataacha yote, unga wa posho hawataacha. Marehemu mumewe hakutaka riba hata kuisikia. Nikawaambia watoto hii si riba, ni ushirika. Kinu kikipata mmepata, kikikosa mmekosa."

"Dhahabu ulipewa lini?"

"Jana, baada ya sala ya Ijumaa. Mbele ya jamaa. Tukasoma Fatiha."

"Ukaiona?"

"Hapana. Kisanduku kilishonewa ndani ya kitambaa. Sharti lilikuwa kisifunguliwe, wala kinu kisinunuliwe, mpaka Bi Salme atoke eda."

"Mbona ulifungua?"

Tajudin aliifuta pua yake, akakitazama kitambaa kama mtu anayetafuta jibu ndani yake. "Sikulala, afande. Nimeandika stakabadhi ya kitu nisichokiona. Mshauri akianza hivyo ataishia wapi? Alfajiri nikamwita mke wangu na jirani, tukakata kitambaa kwa wembe, juu hapa, mbele ya macho yao."

"Mkakuta nini?"

Tajudin aliinua kifuniko cha bati.

Ndani mlikuwa na kokoto na betri za tochi zilizokufa. Kila kipande kimevingirishwa kwa pamba, vizuri, ili kisigongane na mwenzake.

"Kisha?"

"Nikaenda kwa Mansur kumwonyesha."

"Hukukimbia."

"Nikimbilie wapi? Watoto wangu wako hapa."

Okeny alikuwa amewaona wezi wa kila namna. Aliwahi kumwona aliyerudi kuchukua kofia aliyoisahau, na aliyerudi kumwomba msamaha mbwa. Lakini mwizi wa kurudisha sanduku tupu ili apigwe, huyo hakuwahi kumwona.

Aliinama kukitazama kielelezo, akapiga chafya. Akainama tena. Pamba ilikuwa na harufu kali, ya baridi, inayopanda mpaka machoni.

"Mansur! Njoo unuse."

"Kafuri," Mansur alisema mlangoni, bila hata kusogea. "Nyumba yetu yote inanuka kafuri tangu Baba afe. Anachotafuta huyu ni kukuchelewesha."

"Alama za vidole?" Okeny alimwuliza Lamunu, kwa mazoea tu.

"Poda ilikwisha mwaka juzi, afande."

"Gari?"

"Gari hapana petroli. Toka Jumatano."

Okeny alimalizia chai yake, maana chai nayo haikuwa ya kuachwa. Alimshika Tajudin mkono, akapita naye mlango wa mahabusu, akaenda kumfungia katika stoo ya karatasi, kati ya majalada ya zamani na mashine ya chapa isiyo na utepe.

"Watu wa kapteni wanaijua njia ya mahabusu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Hapa hawajui. Usikohoe."

Ufunguo akautia mfukoni mwake. Kisha akamgeukia Mansur.

"Tupeleke kwenu. Kwa gari lako."

"Polisi wanabebwa na mlalamikaji?"

"Unaweza kutusukuma kwenye letu, ukitaka."

*

Nyumba ya Bi Salme ilikuwa chini ya kilima cha Lubaga, upande ambao kengele za kanisa kuu husikika kama zimo jikoni. Ilikuwa nyumba ya watu wa zamani, waliokuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani enzi za babu, wakaota mizizi. Barazani palikuwa na cherehani, na nyuma ya cherehani alikuwapo Hajara, dada yake Mansur, pini mdomoni.

"Karibuni," alisema, akizitoa pini moja moja. "Mansur, umeshamuua Tajudin wa watu, au umebakisha kidogo?"

"Tajudin wako kaiba!"

"Wangu? Sawa, wangu. Afande, kaa. Mimi ndiye niliyemtaka Tajudin, ujue hilo mapema. Huyu kaka yangu alimtaka Dawudi."

"Dawudi gani?"

"Yule tajiri wa ghafla, mafuta mingi wa kahawa. Aliyepewa duka la Mhindi aliyefukuzwa nchini, akauza vilivyomo mpaka bawaba za milango, sasa anavusha magunia mpakani."

"Dawudi angetupa mara tatu!" Mansur alisema.

"Angetupa au angetutupa?"

Lamunu aliuma midomo asicheke. Okeny alivua kofia, akaiweka gotini. Miguu ilimuuma, soli ya kiatu chake cha kushoto ilikuwa imezibwa kwa karatasi ngumu, na karatasi ilikuwa imelowa.

"Mwishowe nani aliamua?"

"Mwalimu Maftah," Hajara alisema. "Tuligombana mpaka majirani wakafunga madirisha. Ndipo tukamwendea Mwalimu atuswalie istikhara. Nyinyi hamna, eh? Mtu anaswali usiku, anamwomba Mungu amwonyeshe lililo na heri, analala, anaonyeshwa ndotoni."

"Akaonyeshwa?"

"Alimwona Tajudin amesimama ndani ya maji safi, na Dawudi ndani ya tope. Akaja asubuhi ya jana kutueleza. Na sharti la kisanduku kisifunguliwe, yeye ndiye aliyetupa."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mwalimu?" Mansur aliingilia, na sauti yake ikalainika kwa mara ya kwanza. "Ndiye aliyetufundisha kusoma sisi sote. Ndiye aliyemwosha Baba. Muulize mtu yeyote huko kwake Bwaise."

Okeny alifungua daftari. "Tangu kisanduku kishonwe mpaka kikafika kwa Tajudin, nani alikishika?"

"Mimi," Hajara alisema.

"Na mimi," Mansur alisema.

"Na nani mwingine?"

"Basi," walijibu kwa pamoja, na hiyo ndiyo mara pekee asubuhi ile walipokubaliana.

Okeny akamtolea Hajara kile kitambaa kilichoshonewa kisanduku. Juu kilikuwa kimekatwa kwa wembe, lakini pembeni mishono ilikuwa mizima. "Huu ni ushonaji wako?"

Hajara alikipokea, akatoka nacho mpaka kwenye mwanga. Alikigeuza upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Upande wa nne akatulia.

"Kitambaa changu," alisema. "Pande hizi ni mkono wangu. Huu si wangu. Mimi nashona karibu karibu, na mwisho natia fundo. Huyu kashona kwa mapana, hakutia fundo. Na uzi wenyewe si wa kununua. Umechomolewa kwenye shuka jeupe."

"Nani anashona hivyo?"

Hajara alikikunja kile kitambaa. Akakikunjua. Akakikunja tena.

"Sijui."

"Umewahi kuona mshono kama huu?"

"Nimesema sijui, afande."

Uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu aliyeitwa jina na sauti asiyoitarajia. Okeny hakumshikilia. Alitazama pazia la chumba cha ndani, pazia la maua mekundu lililopauka.

"Nataka kuzungumza na mama yenu."

Mansur alisimama. "Mama yumo edani! Hatoki, haonekani, haongei na wanaume wa nje bila haja."

"Haja ipo. Dhahabu ni yake. Tangu mlipoanza kutafuta mshauri, nani alimwuliza chochote?"

Cherehani lilikuwa na kitambaa cha mtu nusu kimeshonwa, na Hajara alikishughulikia kidogo kama vile ndicho kilichoulizwa.

Basi ikafanywa hivi: Lamunu akaingia ndani akakaa kitandani na Bi Salme, na Okeny akaweka kigoda huku nje, bega lake likielekea pazia.

"Hodi, Mama. Samahani kwa kukusumbua ndani ya msiba."

"Karibu, mwanangu." Sauti ilikuwa nyembamba, imetulia. "Umepewa hata maji?"

"Nimeshapata, Mama."

"Mwongo. Hajara, mpe mgeni maji. Wewe ni mtoto wa wapi?"

"Kitgum, Mama."

"Watu wako wapo?"

Lilikuwa swali ambalo mjini hapa watu walikuwa wameacha kuulizana. "Wengine wapo," alisema.

"Mungu awaweke."

Alishukuru. "Mama, kisanduku kilikuwa kikilala wapi?"

"Hapa, uvunguni mwa kitanda changu. Isipokuwa usiku wa kuamkia jana."

"Usiku huo?"

"Kililala kwa Mwalimu. Alisema ndoto haiji sawasawa kama mali yenyewe haiko karibu na kichwa. Hajara akampelekea baada ya sala ya alasiri. Alikirudisha mwenyewe asubuhi."

Mansur aliruka huko barazani. "Mama! Kwa Mwalimu si kutoka nje! Kwa Mwalimu ni kama kilikuwa msikitini!"

"Nimeulizwa kililala wapi," Bi Salme alisema. "Nimejibu kilipolala."

Okeny alimgeukia Hajara, ambaye alikuwa amesimama na bilauri ya maji mkononi.

"Mbona hukuniambia?"

"Sikumhesabu, afande." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nani anamhesabu Mwalimu? Ungeniuliza nani alipita njiani, ningekutajia mbwa, Mwalimu nisingemtaja. Na ule mshono… Baba alifungwa sanda mbele yangu, mimi na shangazi tulikuwa mlangoni. Mwalimu aliishona kwa uzi aliouchomoa kwenye sanda yenyewe. Hakutia fundo."

"Na kafuri?"

"Mjini hamna kafuri. Baba alipokufa tulizunguka maduka yote tukakosa ya kumwoshea. Yeye ndiye aliyekuwa na akiba."

Nyuma ya pazia Bi Salme alivuta pumzi. "Mwanangu wa Kitgum."

"Naam, Mama."

"Mwendeeni polepole. Yule mzee ana mtoto, Ashirafu. Walimchukua akitoka kazini, karibu na Ramadhani. Sikuwahi kufika kwake kumpa pole. Mume wangu akafa, nikaingia ndani."

*

Bwaise ilikuwa imenyeshewa. Peugeot ya Mansur iliachwa barabara ya Bombo, wakashuka kwa miguu kwenye vichochoro, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakiwa yamesimama kila mahali, na akina mama wakikomba matope nje ya vizingiti kwa sahani za bati. Mansur alivua viatu vyake vya soli nene, akavibeba.

Mwalimu Maftah alikuwa naye akikomba matope mlangoni pake, kwa jembe lililokwisha meno. Alikuwa mwembamba, kanzu amekunja mpaka magotini. Vitu vyake vya ndani vilikuwa vimepandishwa juu ya kitanda: misahafu, godoro, jiko la mafuta, shati moja la kijana, jipya, limepigwa pasi.

"Karibuni," alisema. "Hapana pa kukaa. Mansur, mama hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu."

Okeny alijitambulisha. Mzee aliitazama kofia ya polisi kama mtu anayetazama mvua iliyokwisha kumlowesha.

"Nimekuja kuuliza habari ya ndoto," Okeny alisema.

"Ndoto gani?"

"Ya maji safi na tope. Ilikuwa usiku wa kuamkia jana?"

"Ndiyo."

"Uliswali kwanza?"

"Niliswali."

"Kisha ukalala?"

Mzee alikomba matope kidogo.

"Mwalimu. Ulilala?"

"Nilijinyoosha."

"Sikuulizi hivyo. Ulilala?"

Jembe lilisimama. "Sijalala usingizi wa kweli, mwanangu, tangu Ramadhani."

"Mtu asiyelala anaotaje?"

Mwalimu aliliegemeza jembe ukutani, taratibu, likateleza, akaliegemeza tena.

"Haoti," alisema.

Lamunu alishusha kalamu. Mahali fulani nyuma ya nyumba mwanamke alikuwa akimgombeza bata.

"Dhahabu uliitoa wewe."

"Niliitoa mimi."

"Mwalimu!" Sauti ya Mansur ilipasuka. "Dhahabu ya mama yangu! Wewe!"

"Mimi, Mansur."

"Ilikwenda wapi?" Okeny aliuliza.

"Kwa sajini. Nilikwenda kwake kumwuliza habari za Ashirafu. Akaniambia mwanao amekwisha, lakini mwili unapatikana, mwili una bei. Nikampelekea noti zangu, akazirudisha. Noti ni karatasi, alisema. Lete kitu." Alijifuta mikono kwenye kanzu, ikabaki michirizi. "Nilikuwa sina kitu. Nikakaa hapa nikifikiri nani ana kitu. Halafu watoto hawa wakaja wenyewe wakanikalia mlangoni, wananiomba niwachagulie mshauri wa dhahabu ya mama yao."

"Ukamchagua Tajudin. Kwa nini yeye?"

"Dawudi angekifungua palepale, aipime kwa mkono mbele ya jamaa. Tajudin ni mpole. Nilidhani mpole hatii wembe. Nilitaka muda tu. Eda ingekwisha, ningekuwa nimeshazika, ningekuja kwa Bi Salme kusema mwenyewe, wanifanye watakalo."

"Na Tajudin? Unajua yuko wapi sasa hivi?"

"Sijui."

"Nimemfungia ndani ya stoo. Jioni watakuja kumchukua watu kama wale waliomchukua mwanao."

Mzee alishika mhimili wa mlango.

"Sikumfikiria," alisema. "Wallahi, sikumfikiria hata mara moja. Hilo ndilo baya kuliko yote."

"Sajini ni yupi?"

Mwalimu hakumtazama Okeny. Alimtazama Mansur.

"Anayeendesha gari la kapteni wako. Nilimjua siku ya maziko ya baba yako, alipomleta kapteni. Ndiye askari pekee ninayemjua kwa jina."

Mansur alikaa chini, kwenye matope, na suruali yake ya bei.

"Mwili ulipewa?" Okeny aliuliza, ingawa kwa jalada hakulihitaji swali hilo.

"Jana, Ijumaa, baada ya kumpelekea mzigo. Njia ya Jinja, pembeni ya msitu. Uso ulikuwa hautambuliki. Nikauleta kwa mkokoteni wa makaa, nimeufunika magunia. Nikamwosha humu ndani. Kichwa, kifua, mikono, nikisema ni yeye. Nilipofika miguuni nikajua. Ashirafu alikatwa kidole cha mguu na panga akiwa mdogo. Huyu vidole vyake vilitimia."

"Ukafanyaje?"

"Nikamalizia kumwosha. Naye ana mama mahali. Nikamvisha sanda, nikamzika."

Lamunu aligeukia ukuta. Mansur alikuwa ameinuka, matope yanamtiririka, macho mekundu.

"Nampigia kapteni. Huyo sajini ataitapika dhahabu yote!"

"Mpigie," Okeny alisema. Alikuwa amechoka kiasi kwamba maneno yalitoka yenyewe, bila ukali. "Mwambie dereva wake anauza maiti. Kapteni atafanya mojawapo. Ama hajui, amuue sajini, aje kuwatafuta walioijua aibu yake. Ama anajua, na nusu ya dhahabu ya mama yako imo mfukoni mwake. Chagua mwenyewe."

"Sasa nifanyeje?"

"Mwambie hivi: mama yako ameiona dhahabu yake. Ilikuwa uvunguni, kwenye kikapu kingine. Mjane, ana majonzi, alisahau. Wewe umefurahi, unaomba radhi kwa usumbufu, unamnunulia kapteni bia. Jalada linafungwa."

"Na dhahabu ya kweli?"

"Imekwenda, Mansur."

Mansur alimtazama Mwalimu kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyozaliwa ikibomolewa. Kisha akanyoosha mkono. Okeny akamtia kiganjani ufunguo wa stoo.

"Konstebo atakwenda nawe. Mtoeni kwa mlango wa nyuma. Kimbieni."

*

Walipoondoka, Okeny aligeuza ndoo akaikalia. Mwalimu alirudi kwenye jembe lake. Jua liliteremka juu ya mapaa ya mabati, na moshi wa makaa ukaanza kupanda, na Okeny akawa anahesabu moyoni taa za barabarani mpaka kituoni, akikadiria gari limefika wapi, na kama lile jingine limetangulia. Alifikiri namna atakavyoandika: mali imepatikana, mlalamikaji ameridhika. Alikuwa ameandika uongo mwingi mbaya zaidi ya huo kwa miaka ile, na wote kwa mwandiko mzuri.

Mwalimu akamaliza mlango wake, akahamia wa jirani.

Ndipo zikasikika nyayo kichochoroni. Lamunu mbele, kisha Mansur, na katikati yao Tajudin, pua imevimba, vumbi la majalada nyweleni.

"Walikwisha fika, afande," Lamunu alisema, akihema. "Wamefungua mahabusu, wamekuta walevi. Wanauliza mwizi wa dhahabu, mimi nasema sijui mwizi."

"Kapteni alicheka," Mansur alisema. "Alisema wanawake wetu wanazeeka vibaya. Nimempa hela ya bia." Alitema mate. "Sajini alikuwa kwenye usukani. Akanipungia mkono."

Tajudin alikuwa amesimama mbele ya Mwalimu. Walikuwa wamemweleza njiani, ilionekana usoni. Mzee alitaka kupiga magoti, Tajudin akamshika kiwiko kabla hajafika chini, akabaki amemshika, hajui pa kumweka.

"Mwalimu," Mansur alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto wa chuo cha Kurani. "Ashirafu nilisoma naye ubao mmoja. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulipita hapa, mwezi wa mfungo. Uliniona. Ukageuza uso."

"Niliogopa."

"Kila mtu aliogopa. Wengine wanavuka barabara mpaka leo. Siwalaumu."

"Lakini hata ungempata. Hata angekuwa yeye. Ungemzika kwa kificho, bila mtu, dhahabu ya watu imekwenda, na ungebaki papo hapo ulipo. Ulitaka nini, Mwalimu? Niambie. Hasa hasa ulitaka nini?"

Mzee alitazama kile kipande cha ardhi mbele ya mlango wake, alichokikomba matope tangu asubuhi. Majirani walikuwa wamesimama milangoni mwao wakitazama kofia ya polisi. Hata hivyo hakushusha sauti.

"Nilitaka kutandika jamvi hapa nje, mchana, mtu yeyote aone," alisema. "Nilitaka watu waje, wakae, waniambie pole, mwanao Ashirafu amefariki."